Maji ya Nzilo na Barua ya Siku Kumi na Tisa

Kolwezi, Jumapili, saa kumi alasiri

Kyabu mwanangu,

Mambo ya sweta, ya dawa za malaria, ya kutompa mtu usiyemjua pasi yako aishike, mama yako ameyamaliza, na leo asubuhi ameyarudia mbele ya shangazi zako wote. Mimi sitaongeza neno. Wanawake wako uani wanatwanga majani ya sombe, nyumba imebaki kwangu, na daftari langu la kila siku liko hapa mezani. Nimelifungua kwa sababu kuna kurasa ndani yake ambazo unapaswa kujua habari zake kabla treni yako haijaondoka kesho.

Ninakuonea wivu. Naanza na hilo ili lisije likanishinda huko chini, nikaishia kukuandikia mambo ya kusali na kusoma kwa bidii kama baba wengine.

Siyo wivu wa ndege, wala wa Ubelgiji. Ni wivu wa kazi. Miaka ishirini na mitatu nimeletewa chupa za maji ya buluu kutoka kwenye matangi ya kiwanda, maji yenye shaba na asidi, nikapima jinsi umeme unavyopita ndani yake. Nimetoboa mashati mangapi kwa asidi ile, mama yako ndiye anayejua. Halafu wewe, kwa likizo moja na karatasi moja iliyochanika, umepata kazi ya kupima maji yaleyale ya umeme, isipokuwa kwamba ya kwako ni bahari. Karatasi ile ilitoka kwenye gazeti la kemia lililokuwa likifika labo, maabara yetu ya kiwandani, kwa kuchelewa. Gazeti hilo nilikuwa nimelisoma kabla yako. Nilisoma habari ya yule profesa wa Ubelgiji anayepima bahari, nikafungua ukurasa uliofuata.

Ulipokuja nayo jikoni nilicheka. Nimeandika hapa, Jumamosi ya kwanza ya likizo yako: «Kyabu anataka kupima bahari. Nimemwambia tuko Kolwezi.»

Nawe ulijibu, na jibu lako nimeliandika vilevile: «Tata, Lualaba inaenda wapi?»

Mimi niliyezaliwa kando ya mto huo kule kaskazini, niliyeoga ndani yake, sikuwahi kuufikiria zaidi ya mji wa Kongolo. Ulinieleza kwamba ukifika baharini maji yake matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, yanasafiri mbali sana, na hakuna mashua za kutosha za kwenda kuchota chupa kila mahali ili kujua yameishia wapi. Profesa alitaka kujua akiwa juu, ndani ya ndege. Kila kitu chenye joto kinatoa mawimbi dhaifu kama ya redio, na bahari pia. Nguvu ya mawimbi hayo inabadilika kulingana na jinsi maji yanavyopitisha umeme. Kwa hiyo mtu akishapima vizuri mezani, maji ya chumvi hii na joto hili, chombo kilichoko angani kinaweza kusikiliza na kusema: hapa ni bahari tupu, hapa mto umeingia. Ulinieleza mara tatu. Mara ya kwanza nilielewa. Mara mbili nyingine nilikuwa natafuta kosa.

Ukaenda Nzilo juu ya lori la mchanga, ukarudi na damjani mbili, zile chupa kubwa, za maji kutoka kwenye bwawa la Lualaba. Jumamosi tisa tulikuwa labo wewe na mimi, baada ya wengine kwenda nyumbani. Maji ya Nzilo, kisha maji ya Nzilo na chumvi kidogo, kisha chumvi zaidi, mpaka tukafika kwenye bahari. Mimi nilishika seli, kile kichupa cha kioo chenye vibamba viwili vya platini ndani. Wewe ulishika kipimajoto na kalamu ya Bic. Sijawahi kuwa na Jumamosi nzuri kuliko zile, na nataka ujue hivyo, maana yanayofuata yanaweza kukufanya udhani nilijifanya.

Jumamosi ya nne namba zangu zilipanda bila sababu. Nilisema chumvi ya sokoni ni chafu. Ukasema, «Hapana, Tata. Unapima joto ya basani. Maji ya mu seli iko na joto yake.» Mimi ndiye niliyekuwa nimeagiza kipimajoto kikae ndani ya beseni la maji, na seli nimeiweka karibu na dirisha, jua limeipiga. Ukachukua kipimajoto ukakiingiza ndani ya seli yenyewe, na namba zote zikajipanga. Digrii moja tu ya joto inapandisha umeme kama sehemu mbili kwa mia. Nimefundisha vijana jambo hilo miaka yote, na siku ile nilikuwa nimelisahau mbele ya mtoto wangu.

Daftari linasema: «Kyabu amepata kosa langu. Ni kweli. Sikumsifu.»

Nataka kukueleza nilikotoa tabia hiyo. Monga unamfahamu, yule wa labo mwenye kucheka sana. Tulisoma pamoja misheni, tukaajiriwa wiki moja. Mkuu wa labo, Chef wetu wa wakati ule, alikuwa Mzungu, mtu mkimya, na alisema mmoja wetu atapelekwa Ubelgiji mwaka mzima kujifunza vipimo. Alilitaja jina langu kwanza. Siku chache kabla ya karatasi kusainiwa tuliambiwa wageni wakubwa watatembelea labo, nami nikapewa kazi ya kutayarisha seli.

Wewe unaijua ile seli. Vibamba vyake ni vyeusi, vina ungaunga mweusi kama masizi. Mimi nilikuwa nimezaliwa katika nyumba ambayo mgeni haonyeshwi chungu cheusi. Bibi yako alikuwa anasugua vyungu vyake vya alumini kwa mchanga wa mto na majivu mpaka unajiona uso ndani yake, na akikuta doa anakuamsha urudie. Basi nilipoona weusi ule niliona aibu kwa niaba ya labo nzima. Nikatafuta majivu laini, nikafunga kitambaa kwenye kijiti, nikasugua. Vibamba viling'aa. Nilijisikia fahari, Kyabu. Nilimwita Monga aje aone.

Aliangalia, macho yakamtoka. «We! Umetosha nyeusi yote, umeisugua yote?»

«Ilikuwa chafu.»

«Chafu wapi? Ile nyeusi njo inafanya kazi! Umesugua platini ya kampuni sawa vile chungu ya mama yako!» Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akaniambia, «Enda umwambie Chef sasa. Sasa hivi, mbele hajapima.»

Sikwenda. Mchana Mzungu alipima maji ya kawaida, yale tuliyoyajua namba yake kwa kichwa, na namba ikakataa. Akauliza nani ameshika seli. Nikajibu, «Nimeikuta hivi, Chef.» Akaiinua kwenye mwanga, akaona majivu kwenye pembe ya kioo. Hakupiga kelele. Alikaa akavirudishia vibamba weusi wake kwa dawa na umeme, kazi ya saa moja na nusu, mimi nimesimama pembeni. Alipomaliza alisema kwamba kosa la kusugua angelisahau kesho yake, lakini hawezi kumpeleka kwenye vipimo mtu anayesema ameikuta hivi.

Monga akaenda. Akarudi na koti, na picha amesimama Ostende kando ya bahari, suruali ameikunja mpaka magotini, mawimbi yanampita miguuni, anacheka. Akaitundika ukutani labo. Bado iko pale, umeiona. Nimefanya kazi chini ya picha ile tangu kabla hujazaliwa. Kuna Jumanne moja katika daftari isiyo na kitu isipokuwa: «Nimegeuza picha ya Monga.» Kesho yake: «Monga amegeuza tena. Hakuuliza nani.»

Ni baada ya mambo ya seli ndipo nilipoanza kuandika daftari hili. Nilijiapia kwamba kila kitu nitakachokishika nitakiandika siku hiyohiyo, na tarehe, hata kama ni aibu. Nimeshika ahadi hiyo kwa miaka. Mvua, vipimo, vifo, siku ulipozaliwa, uzito wako, siku nilipogombana na mama yako kwa ajili ya redio. Unaweza kufungua popote.

Isipokuwa mahali pamoja. Mwezi wa tano mwaka huu kuna siku kumi na tisa ambazo nimeandika tarehe tu. Chini ya tarehe hakuna kitu.

Barua ya profesa, jibu lake kwa vipimo ulivyomtumia, ile niliyokuambia ilikuwa imelala labo, haikulala huko. Tata Mwamba wa posta aliileta kwa wakati wake, siku ya Alhamisi, akaniwekea mkononi mwangu mlangoni kwetu, akasema, «Tata Kyabu, hii bahasha ya buluu ni ya mutoto. Timbre ya posta yake muzuri, mumutunzie.» Wewe ulikuwa umekwenda kwa shangazi. Niliifungua, nikajiambia ni kwa sababu anwani ilikuwa ya sanduku langu.

Nilitafuta jina langu. Barua kurasa mbili, nikalitafuta mara nne. Profesa aliandika kwamba vipimo vya Mademoiselle ni safi, kwamba hakuna aliyewahi kumpa maji ya mto wetu kutoka juu huku, kwamba anampa nafasi katika labo yake, na kwamba ajibu kabla ya mwisho wa mwezi, maana kuna mwingine anayengoja nafasi hiyo. Jina langu halikuwemo. Labo ilikuwa yangu, seli yangu, mkono ulioishika ni wangu. Hata maji ya Lualaba, niliwaza, yanafika baharini na mimi nabaki hapa.

Nikaitia katika mfuko wa ndani wa koti langu la abacost. Nilisema nitampa kesho. Jumapili iliyofuata niliandika barua ya jibu kwa Kifaransa, kwa jina langu mwenyewe, nikimweleza profesa kwamba mwenye vipimo ni mimi na kwamba binti yangu alinisaidia kushika kipimajoto. Sikuituma. Lakini niliiandika, Kyabu, na niliinakili safi.

Mama yako alizikuta zote mbili siku ya kumi na mbili, alipokuwa anataka kufua. Aliingia chumbani ameshika bahasha mbili, ya profesa na ya kwangu, akafunga mlango.

«Hii iko na jina ya nani?»

«Ya Kyabu.»

«Na hii?»

Kifaransa chake ni kidogo, lakini jina langu anaweza kulisoma.

«Miaka yote ile,» akasema, «nasikia Monga, Monga, Monga. Mi nilifikiri ni Monga njo alikukosea. Kumbe ni wewe uko vile.» Akarudisha bahasha mfukoni, akalikunjua koti akalitundika bila kulifua. «Mi sitamwambia. Wewe njo utamwambia na kinywa yako. Lakini ukipitisha mwezi, nitaisoma mbele ya bantu bote kanisani, na Kifaransa yangu ya kuvunjika.»

Hata baada ya hapo nilikaa siku saba. Sina maelezo ya siku hizo saba. Nilikuwa nakwenda kazini, napima, narudi, nakula bukari ya jioni, nakuuliza, «Hakuna habari ya profesa?» Nilikuuliza hivyo mara mbili. Ukasema hakuna, na ukatazama chini, na ndani yangu kitu kilitulia. Hilo ndilo baya kuliko yote niliyokuandikia hapa.

Siku ya kumi na tisa nilirudi nikakuta watu langoni. Umemsimamisha Tata Mwamba na baiskeli yake.

«Barua za bantu unapeleka wapi, Tata Mwamba? Sema! Profesa ameandika, mi najua ameandika!»

«Mutoto, mi na mizigo hii miaka kumi na ine, sijapoteza hata kadi ya Noeli.»

«Basi iko wapi?»

Mzee yule alishusha mfuko wake, akaumwaga wote chini, kwenye vumbi, mbele ya majirani. Bahasha, magazeti, kifurushi cha mtu. «Tafuta,» akakuambia. «Tafuta, mama. Ukiona ya kwako, unipige.» Kisha akainua macho akaniona nimesimama nyuma ya watu. Alinitazama muda mrefu. Alijua aliweka wapi barua ile. Alingoja mimi niseme, na kwa kuwa wewe ulikuwa pale, hakusema yeye. Akapiga magoti akaanza kuokota barua moja moja, anapuliza vumbi. Wewe ulimsaidia kuokota, unalia. Mimi niliingia ndani.

Kesho yake nikakupa barua bila bahasha yake, nikasema ilikuwa imelala labo kati ya magazeti. «Nimeikuta hivi,» nilikuambia. Maneno yaleyale. Niliposikia yanatoka kinywani mwangu, nilihisi majivu kwenye vidole. Ulinirukia shingoni ukanishukuru. Ukakimbia kupeleka telegramu, na jibu lako likafika zikiwa zimebaki siku mbili.

Tangu siku ile Tata Mwamba hanywi maji nyumbani kwetu. Ulisema ni kwa sababu ya ulimi wako, ukampelekea kuku kuomba msamaha, akampokea. Hakukuambia hata hapo. Mtu huyo amebeba kosa langu juu ya baiskeli yake miezi minne.

Leo baada ya misa nilikwenda kwake. Nilimwambia mbele ya mke wake na majirani wawili waliokuwepo langoni siku ile. Niliwaomba waje makusudi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, «Mi sikutaka unieleze, Tata. Mi nilikuwa mule. Mutoto njo hajui.» Ndiyo maana nakuandikia sasa na sikungoja nikuandikie ukiwa huko. Nilikuwa nimewaza kungoja. Barua ya kutoka mbali ni rahisi. Mtu aliyekasirika hawezi kuja akasimama mbele yako. Hii nitakupa mkononi baada ya chakula, kukiwa bado na mwanga, nami nitakaa kwenye kiti cha nje. Ukitaka kuja kusema, njoo. Ukitaka kwenda kulala kwa shangazi, nenda, nitaelewa, na kesho nitabeba sanduku lako hadi stesheni hata kama hatusemezani.

Sijui kama wivu unaondoka. Ningependa kukuambia umeondoka, tungemaliza vizuri, lakini leo asubuhi nilipokuona unafunga vitabu vyako niliusikia uko palepale, umekaa. Ninachokijua ni kidogo: wivu wenyewe haukuwahi kumdhuru mtu hata siku nilipougeuza ukutani pamoja na picha ya Monga, maana siku hiyo niliuandika. Ulidhuru nilipoanza kuufichia kurasa. Nawe utauona, mwanangu. Huko labo atakuwepo mtu atakayepata namba nzuri kuliko zako, pengine mdogo kuliko wewe, na utatamani kipimajoto chake kianguke. Usijishangae sana. Andika tu, na tarehe, kisha nenda ukamwambie namba zake ni nzuri. Mimi sijafanya hivyo hata mara moja, kwa hiyo nakufanyia sasa, kwa kuchelewa: Jumamosi ya nne ulikuwa na haki, na nyingine zote nane kazi ilikuwa yako. Kushika seli mtu yeyote anaweza. Kuuliza Lualaba inaenda wapi, mimi sikuuliza katika miaka ishirini na mitatu.

Ndani ya bahasha hii nimekutilia mbili nyingine. Ya kwanza ni ile bahasha ya profesa ambayo sikukupa, na muhuri wa posta ya Kolwezi uko juu yake, utaweza kuhesabu siku mwenyewe. Ya pili ni ile niliyoiandika kwa jina langu. Ichome au ihifadhi. Seli ya zamani, ile niliyoisugua, labo walikuwa wameitupa na Monga aliiokota akaitunza kabatini kwake miaka yote, sikujua. Jana nilipomweleza alinipa nikupe. Imefungwa kwenye pamba katikati ya vitenge vya mama yako, ndani ya sanduku lako. Weusi wake uko salama. Sijaugusa hata kwa ncha ya kidole.

Barua zako za kwanza usiniandikie mimi. Mwandikie mama yako, kwa Kiswahili, weka jina lake juu ya bahasha, na Tata Mwamba ataziweka mkononi mwake. Atanisomea zile atakazopenda. Siku utakayoingiza mguu baharini, mwambie kwanza maji yalikuwa digrii ngapi, mambo mengine baadaye. Atakuja kunisomea hapa mezani. Nitaona wivu, na siku hiyohiyo nitauandika, chini ya tarehe.

Baba yako